Forester SG5 oto ya turbo: nifleshi kompyuta yake ama niweke Link?

Kasarani_SG5

Wakuu habari zenu. Niko na Subaru Forester SG5 Cross Sports ya 2004, injini EJ205, gia oto, huu ni mwaka wa pili nayo. Mpaka sai nimeweka ekzosi ya inchi 3 kutoka kwa turbo hadi nyuma na intakula ya mbele (ile redieta ya kupoza hewa ya turbo), turbo bado ni ile TD04 ilitoka nayo Japani lakini nimepata turbo ya VF, kubwa kidogo, pale Kirinyaga Road, shafti haina pleyi, nataka kuivalisha mwezi ujao. Sasa shida ni kompyuta. Kila mtu nauliza ananiambia kitu yake, mmoja anasema weka kale kasanduku ka kudanganya sensa ya hewa juu ni bei rahisi, mwingine fleshi ECU yenyewe, yaani iandikwe upya hio kompyuta ya injini ya kiwanda, mwingine anasema kama sina Link ama Haltech, zile kompyuta za kubadilisha yote, bado sijaanza. Gari naitumia kila siku, napeleka watoto shule, Disemba tunashuka Mombasa kwa shosho yao, so sitaki gari ya kulala gereji. Nataka kama farasi 250 hivi, si zaidi.

Jirani yangu alipandisha busti, presha ya turbo, na ile valvu ya kuzungusha na mkono bila kugusa kompyuta na ndani ya wiki mbili pistoni ya nne ikavunjika pale katikati ya ringi, hio pistoni nimeishika na mikono yangu. Sitaki kufika huko. Mngekua nyinyi mngechagua gani na kwa nini?

Mzee_wa_GC8

Karibu kijana. Mimi niko na GC8, Impreza ya zamani, manyuo, na Link na sijutii hata siku moja. Kompyuta za GC8 nyingi haziandikwi upya na kebo hivi hivi, so kwangu ilikua ama niingize bodi ndogo ingine ndani ya ile ya zamani ama nibadilishe yote, nikabadilisha yote. Kitu naipendea sana si nguvu, ni ulinzi. Nimeweka sensa ya presha ya oili na ya joto la petroli, presha ikishuka nikiwa kwa busti injini inakata yenyewe kabla mimi sijaona taa. Mwaka jana ilinikata nikipiga kona ndefu, nikadhani ni wairingi, kumbe oili ilikua imepungua lita nzima na inakimbia upande mmoja wa sampu. Ile ya Subaru ya kiwanda haingeniambia kitu mpaka nisikie mlio, na ukishasikia mlio wa beringi umechelewa.

Pia nilitoa sensa ya hewa kabisa, injini inasoma presha ndani ya manifoldi na joto la hewa, basi. Mpira wa intakula ukichomoka bado unafika nyumbani. So mimi kura yangu ni Link, ukiweka sasa huweki tena.

Dada_wa_Rekodi

Mzee namheshimu na kwa GC8 manyuo alifanya sawa kabisa, lakini Kasarani yako ni oto na hapo ndio mambo yanabadilika. Gia yako oto, 4EAT, iko na kompyuta yake, na hio kompyuta inaongea na ya injini kila wakati. Inaulizia throto iko wapi, injini inazunguka ngapi, na ikitaka kubadilisha gia inaomba injini ipunguze nguvu kidogo ndio klachi za ndani zishike bila kuteleza. Ukitoa ECU ya kiwanda na uweke ingine ambayo haijui hio lugha gia itaanza kupiga teke, ama ikatae kutoka kwa moja, ama mbaya zaidi iteleze polepole bila wewe kujua mpaka uanze kutafuta gia ingine Grogan. Kuna standaloni, hizo kompyuta za kubadilisha yote kama Link, zinaweza kuongea na gia, lakini umuulize fundi akuonyeshe gari ya oto kama yako imekaa nayo mwaka mzima, si ya manyuo. Tena EJ205 yako iko na AVCS, zile kamu zinasogea na presha ya oili, hio pia lazima kompyuta mpya ijue kuiendesha.

Kale kasanduku usiguse, nakuomba. Kanafanya nini? Ukiweka injekta kubwa kanaiambia ECU hewa inayoingia ni kidogo kuliko ukweli, ndio petroli isizidi. Sawa, petroli imekaa poa. Lakini ECU inatumia hio hio hewa kuamua plagi iwake lini, na ikidhani mzigo ni mwepesi inawasha mapema. So uko kwa busti kamili na plagi inawaka kama gari inatembea polepole kwa tambarare. Hapo ndio pistoni za EJ205 zinavunjika, na ya jirani yako ni karibu hivyo tu, hewa imeongezeka na mapu, zile jedwali za petroli na plagi ndani ya ECU, haijaguswa.

Kwa farasi 250 mimi ningefleshi ECU yako mwenyewe. Gia inabaki inaongea, AVCS inabaki, gari inawaka asubuhi na baridi ya Julai kama kawaida. Hesabu ya injekta ni rahisi, farasi 250 kwa petroli na turbo unahitaji karibu cc 460 kwa dakika kila injekta ndio isipite asilimia 85 ya kazi yake, so angalia zako ni ngapi kabla ununue turbo ama chochote.

Lakini kabla ya yote hayo, chukua kebo ya Tactrix ya kusoma ECU ama uombe mtu, weka programu ya RomRaider kwa laptopu, niangalizie namba moja inaitwa IAM. Hio ndio inakuambia kompyuta inaiamini petroli yako kiasi gani. Uje nayo hapa.

Kijana_wa_Ronga

Mimi naongea kama mtu amechomeka. Niliweka MegaSquirt, standaloni ya kujiundia, kwa Impreza GDA yangu, nilisolda bodi mwenyewe usiku miezi mitatu na najivunia, inasoma ile gurudumu ya meno ya kranki ya 36-2-2-2 bila shida na programu yake ni rahisi kuelewa. Shida haikua kompyuta. Shida ni nilipea fundi wa umeme mmoja akate wairingi ya kiwanda na aunganishe, akatumia waya za nyumba na tepu nyeusi, waya ya sensa ya kranki haikua imefunikwa na akaipitisha kando ya koili. Ikifika 4500 gari inapoteza hesabu, inazima nusu sekunde na kurudi. Nikabadilisha koili, nikabadilisha sensa, nikabadilisha hadi pampu, miezi minne, mpaka siku moja nilitoa hio waya nikaweka ya kufunikwa nikaipitisha mbali na ikaisha siku hio hio.

So kaka ukienda standaloni nunua ile inachomeka kwa soketi ya kiwanda, usikubali mtu akate kitu. Na bajeti ya waya, soketi na sensa inaweza kufika nusu ya bei ya kompyuta yenyewe, hio watu hawakuambii.

Kasarani_SG5

Asanteni sana, dada umenisaidia juu hio ya gia hakuna mtu alikua amenitajia. Nimeazima kebo kwa rafiki. IAM inasema 8 na nimeambiwa juu kabisa ni 16. Hio ni nusu si ndio? Nimeshtuka, injini inaelekea kufa ama?

Mzee_wa_GC8

Nusu si mzuri kijana, usikanyage kwanza.

Dada_wa_Rekodi

Tulia kwanza. Betri ulitoa lini?

Kasarani_SG5

Jumamosi, niliweka mpya. Kwani inahusiana?

Dada_wa_Rekodi

Inahusiana sana. Ukitoa betri ECU inasahau kila kitu ilijifunza, na kwa nyingi za Subaru inaanza upya pale katikati, 8 kwa 16, halafu inapanda pole pole ikiona hakuna mlio. So 8 baada ya betri mpya haimaanishi chochote. Tembea nayo siku tatu nne kawaida, upande Limuru mara moja na mzigo kidogo bila fujo, urudi na namba.

Na kwa wengine wanasoma, tukisema mlio hapa si ile huku tunaita injini imenoki, ile ni beringi imekwisha. Huu ni petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda baada ya plagi kuwaka, sauti kama changarawe kwa mkebe, na mara nyingi huusikii na masikio, sensa ndio inausikia. Mimi nikityuni nafunga bomba la shaba la fundi wa friji, limepigwa bapa upande mmoja, kwa bolti kando ya sensa ya mlio, mpira unaingia hadi kwa vile vifuniko vya masikio vya mjengo. Inafanya kazi vizuri kuliko mashine nyingi za bei.

Kasarani_SG5

Nimerudi. Nimepanda Limuru mara mbili, ya pili na familia ndani. Imeshuka, sai ni 5. Petroli ni super ya kawaida.

Dada_wa_Rekodi

Sasa hapo ndio tuko na habari. Gari yako bado iko na busti ya kiwanda na tayari kompyuta imechelewesha plagi kuwaka juu inasikia mlio. Ukumbuke hio mapu iliandikwa Japani kwa hai-okteni yao, kiwango chao cha chini ni RON 96 (RON ni kipimo cha petroli kustahimili mlio) na mara nyingi kwa pampu inapita hapo, so mtu akikufleshia leo juu ya hali hii atakua anapaka rangi ukuta umelowa. Usifleshi bado, na usivalishe turbo. Fungua bomba la intakula uangalie kama kuna oili ndani, oili ikiingia na hewa inashusha nguvu ya petroli kustahimili mlio. Toa plagi zote nne upige picha. Safisha sensa ya hewa na dawa yake, si petroli. Halafu jaza V-Power, ile petroli ya Shell ya bei ya juu, tanki ikiwa karibu kuisha, si kuchanganya nusu nusu.

Kijana_wa_Ronga

Na fundi akukagulie mipira ya busti kwa kupulizia moshi, kwa FMIC, hio intakula ya mbele, mimi nilipata klipu mbili zimelegea.

Kasarani_SG5

Wakuu. Intakula ilikua na oili ya kujaza kikombe cha chai. Plagi mbili zilikua za moto tofauti na zingine mbili, sijui nani aliweka, mimi nilinunua gari zikiwa hivyo. Nimeosha intakula, nimeweka mkebe wa kunasa mvuke wa oili, plagi mpya zote nne za aina moja, tanki ya V-Power, nikatoa betri nikaanza upya. Siku tano, IAM imefika 14 na haishuki. Gari inavuta vile haijawahi kuvuta tangu ninunue na bado sijanunua kompyuta yoyote!

Dada_wa_Rekodi

Nimefurahi sana moyoni. Sasa hapo unaweza kufleshi. Mambo ya kumuuliza fundi kabla umtumie pesa: faili la mapu nitapewa ama utalifunga na neno siri? Akisema analifunga uende kwingine, juu siku akihama ama akizima simu gari yako haina mtu. Rekodi za lambda, kile kipimo cha hewa kwa petroli, utanipa? Ukikanyaga mpaka chini kwa busti mimi naitaka karibu 0.77, kwa ile hesabu ya zamani ni hewa 11.3 kwa petroli moja hivi. Na la tatu, ambalo wengi Nairobi wanasahau, Mombasa utanipangia aje?

Hili la Mombasa niliongelee kidogo juu umesema Disemba mnaenda. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari na presha ya hewa ya nje ni kama kPa 82, Mombasa ni 101. Ba 1 ya busti kwa geji (kPa 100) hapa ni 182 kwa jumla, kule ni 201. Geji inasoma ile ile, lakini injini inapata hewa asilimia 10 zaidi, na inaingia kwa safu za mapu ambazo fundi akiwa Nairobi hajawahi kuzifikia hata siku moja. Kama alizijaza kwa kukisia, utajua Mtito Andei kwenda chini ukiovateki lori na joto ile. So mwambie zile safu za juu aziwekee petroli nyingi kidogo na plagi ichelewe, na busti kule ishushwe. Na upande wa turbo ni kinyume, hapa ndio inateseka, ba 1 Nairobi turbo inakandamiza hewa mara 2.2, pwani ni mara 2. TD04 yako hapa inaishiwa pumzi mapema kwa sababu hio, ndio maana VF utaifurahia. Lakini injekta kwanza.

Mzee_wa_GC8

Dada nimesoma yote. Kwa oto ya kila siku nimekubali, fleshi. Ila kijana ongeza geji ya presha ya oili hata kama kompyuta ni ya kiwanda, hio sitaiacha.

Kasarani_SG5

Mzee geji nanunua wikendi hii. Dada, swali la mwisho, fundi wa kuchomelea anataka kujua sensa ya lambda iwekwe wapi, nimenunua ya Bosch LSU 4.9. Yeye anataka kuiweka chini ya bomba juu ndio rahisi kufikia.

Dada_wa_Rekodi

Chini hapana, matone ya maji asubuhi yataipasua ikiwa moto. Iwe nusu ya juu ya bomba, kama saa nne ama saa nane (mshale kwa 10 ama kwa 2) ukiangalia bomba kwa mbele, baada ya turbo na kabla ya katalisti kama bado iko. Na usiiache kwa bomba ikiwa haijaunganishwa na umeme, inajaa masizi na kufa. Akimaliza kuchomelea tuma picha hapa kabla hujawasha.