Boila ya mwaka 1998: nitengeneze tena au ning'oe?

Binti wa Likoni, Leicester
Hamjambo ndugu zangu. Naomba ushauri kabla baridi haijatukuta. Nyumba tuliyonunua inapashwa joto na boila ya gesi ya mwaka 1998, ile nzito ya chuma inayokaa chini jikoni, yenye kimoto kidogo kinachowaka usiku na mchana. Darini kuna tangi la maji, na ghorofani kuna kabati lenye silinda ya maji moto. Msimu uliopita ilizimika mara mbili. Mara ya kwanza fundi alibadilisha thamokapo, kile kifaa kinachokata gesi kimoto kikizimika, tukalipa pauni 110. Mara ya pili ilikufa pampu ya kuzungusha maji, pauni 290. Sasa fundi mwingine ananiambia niache kumwaga fedha, ning'oe yote, niweke boila mpya isiyohitaji tangi wala silinda, kwa pauni 2,900. Shemeji yangu naye anasema gesi ina mwisho, nichukue pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto kutoka nje na kulileta ndani, kwa ruzuku ya serikali. Nina watoto wawili na mama mkwe mwenye pumu. Siku nne bila joto mwezi Januari sitaki kuziona tena. Nyinyi mlifanyaje?

Mtanga, Coventry
Dada, mimi niliibakiza yangu ya zamani miaka saba baada ya kuambiwa imekwisha, na sijuti. Chukua bili zako upige hesabu. Tuseme nyumba inakula yuniti (kilowati-saa) 12,000 za gesi kwa mwaka. Boila ya umri huo inakupa kama asilimia 70 ya joto lake, yaani yuniti 8,400 zinafika vyumbani, nyingine zinatoka na moshi. Boila mpya ikifanya kazi kwa asilimia 90, joto lile lile litahitaji yuniti 9,300 hivi. Umeokoa 2,700. Kwa peni 6 kila yuniti, ni pauni 160 kwa mwaka. Sasa gawanya 2,900 kwa 160: miaka kumi na minane! Hizo mpya nyingi hazifiki miaka hiyo.

Halafu hizo boila za chuma zina vitu vichache vya kuharibika. Hazina kadi ya umeme, ile inayoongoza boila mpya, ya kukugharimu pauni mia tatu. Pampu uliyobadilisha ni mpya sasa, na thamokapo ni mpya. Umeshalipia, itumie.

Fundi Mstaafu, Reading
Nimefunga na kutengeneza boila miaka 19. Hesabu ya Mtanga ni sahihi, lakini imeacha jambo moja, na hilo ndilo linaloamua. Mwanangu, kabla ya fedha, je, boila hiyo inachoma vizuri? Kimoto kikiwa cha buluu na kimesimama imara, sawa. Kikiwa cha njano au cha rangi ya chungwa, au ukiona masizi kwenye kifuniko, izime leo uite fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi. Mwambie afungue, asafishe, apime moshi, akague bomba la moshi hadi nje. Chungu cha chuma cha ndani, kile kinachopasha maji, kikiwa na ufa, mjadala umekwisha, ing'oe.

Sote tumesikia habari za kule nyumbani, familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa, asubuhi hawakuamka. Gesi ile ile, kaboni monoksaidi, ndiyo inayotoka kwenye boila mbovu. Haina harufu wala rangi. Kengele ya kuitambua ni kama pauni 20. Kwa mama mwenye pumu ndani ya nyumba, nunua kesho, hata kabla ya kuamua lingine lolote.

Ukisikia vipuri vyake havitengenezwi tena, hapo ndipo ninapobadilisha ushauri. Kifaa chenye afya kisicho na vipuri kitakuangusha siku ya baridi kuliko zote, nawe utachukua boila yoyote iliyopo dukani kwa bei yoyote.

Bi Zawadi, Luton
Mimi niliweka mpya mwaka juzi, naomba nikueleze yaliyonikuta ili yasikukute. Aliyefunga hakuosha mabomba. Maji ya rejeta zetu, vile vyuma vya kupasha vyumba, yalikuwa meusi kama wino, tope la kutu la miaka ishirini. Miezi minane haijaisha, boila mpya ikaziba. Kampuni ikakataa dhamana kwa sababu maji yalikuwa machafu. Nililia, nasema kweli. Kwa hiyo ukiambiwa bei, uliza: je, kuosha mfumo mzima kumo? Kichujio cha sumaku kimo? Dawa ya kuzuia kutu imo? Waandike kwenye karatasi.

Jingine: boila za siku hizi zinavuta joto hata kutoka kwenye mvuke wa moshi wake, na huo mvuke unageuka maji yanayotoka kwa bomba jembamba la plastiki. Langu linapita nje ya ukuta. Usiku wa barafu liliganda, boila ikazima saa kumi alfajiri. Tulilimiminia maji ya vuguvugu ndipo ikawaka. Dai bomba hilo lipite ndani, au lipite nje kidogo tu, likiwa nene na limefunikwa.

Mjukuu wa Bukavu, Bristol
Dada, mimi ni wa pampu ya joto. Bei ilikuwa pauni 12,400. Ruzuku ya Boiler Upgrade Scheme, ambayo ni pauni 7,500 kwa England na Wales tangu Oktoba 2023, haikupita mkononi mwangu. Mfungaji ndiye aliyeiomba, akaikata kwenye bili, nikalipa 4,900. Rejeta tatu zilibadilishwa kuwa kubwa zaidi.

Usitarajie bili ianguke. Tumia hesabu ya Mtanga: joto la yuniti 8,400, pampu ikizalisha yuniti tatu za joto kwa moja ya umeme, utanunua umeme yuniti 2,800. Kwa peni 25 ni pauni 700, na gesi yako ya sasa ni pauni 720. Ni kama sawa. Faida niliipata nilipokata gesi kabisa na ile ada ya kila siku ya kuunganishwa na gesi ikaisha. Faida nyingine ni joto lenyewe. Halipandi na kushuka, nyumba ina hali moja mchana na usiku. Mwanangu alikuwa anakohoa kila asubuhi kwa ukungu wa ukutani. Ukungu umekauka.

Nakuomba jambo moja: hiyo silinda usiing'oe, walau nafasi yake. Pampu ya joto inahitaji silinda. Waliobomoa kabati hilo wakaweka boila isiyo na tangi, leo hawana pa kuiweka. Na kujaribu kama nyumba yako inafaa, shusha maji ya boila hadi nyuzi 50 wiki ya baridi uone kama vyumba vinapata joto.

Fundi Mstaafu, Reading
Jaribio zuri, ila kwa boila hii ya chuma ni siku moja au mbili tu. Maji yakirudi chini ya nyuzi 55, mvuke wa moshi unageuka maji ndani ya chungu, na chungu cha zamani hakikuundwa kustahimili hayo. Kitaliwa na kutu. Kwa boila mpya ni kinyume: maji yakirudi yamepoa ndipo inaokoa gesi. Mtu akiiwasha kwa nyuzi 75 mwaka mzima, ile asilimia 90 haipati.

Binti wa Likoni, Leicester
Nawashukuru sana, nyote. Kengele nimeshainunua, iko jikoni, nyingine ghorofani nje ya chumba cha mama. Fundi wa Gas Safe alikuja jana. Kimoto ni cha buluu, chungu ni kizima, bomba la moshi liko salama. Vipuri viwili vya vali ya gesi bado vinapatikana. Kadi ya umeme haina. Kwa hiyo msimu huu tunabaki nayo, na nimenunua hita mbili za umeme ziwe kabatini iwapo itazima. Darini tumeongeza sufi ya kuzuia joto lisitoke. Nimemwomba mfungaji wa pampu ya joto aje Machi apime kila chumba kinapoteza joto kiasi gani, wakati hakuna anayenikimbiza. Silinda haitoki. Bi Zawadi, maji ya rejeta yetu nayo ni meusi, je, niyaoshe sasa au nisubiri hiyo Machi?