Tupeane uzoefu: mwenye nyumba akikwambia "hama", ufanye nini?

Muanzisha mada
Assalaam alaykum. Vitisho vya "kesho nisikukute" vimezidi, Unguja na Pemba. Wenye kuyajua haya tuwekeeni hatua. Tusichanganye na bara tu: Sheria ya Ardhi ya 1999 wanayoitaja watu haitumiki huku, ardhi si jambo la Muungano.

Karani wa Chake
Waalaykum salaam. Mwambie aandike barua, nawe andika pembeni tarehe uliyoipokea. Kisha fungua mkataba: kodi yako inaishia lini, na notisi ni ya muda gani? Ulilipa miezi sita kwa mkupuo, imepita minne, basi miwili iliyobaki ni yako. Akitaka utoke kabla, arejeshe pesa ya miezi hiyo, na maafikiano yaandikwe.

Kinachoangusha wengi ni risiti. "Nimepokea 600,000" haisemi ya lini. Iwe hivi: "Nimepokea shilingi 600,000, kodi ya chumba na ukumbi, kuanzia 1 Machi hadi 31 Agosti." Saini na tarehe chini. Aliyelipa kwa simu asifute ujumbe wa muamala.

Bi Mpendae
Na akikataa kupokea kodi? Huo mtego, kesho atasema hulipi. Itume kwenye namba iliyomo kwenye mkataba. Hakuna namba, mpelekee na shahidi. Akiirudisha, siku hiyo hiyo nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia yako, ukaeleze, iandikwe.

Wa Kwahani
Nyumba za mirathi jamani! Mwenyewe akishafariki kila mrithi huja na lake, huyu anadai kodi, yule anataka uhame. Usimpe kodi yule tu aliyetangulia kugonga mlango. Uliza msimamizi wa mirathi ni nani na akuonyeshe hati, ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au ya mahakama. Ukimlipa asiyehusika, wenzake watakudai tena. Wakati unasubiri, kodi iweke kando kamili, usiiguse.

Karani wa Chake
Ahsante, hilo la mirathi ni kubwa. Nyongeza: kufuli likibadilishwa usilivunje, utageuziwa kesi wewe. Piga picha mlango, orodhesha vyombo vilivyobaki ndani, nenda kwa sheha na mkataba wako. Sheha husuluhisha, mpangaji asiyekubali kutoka hutolewa kwa amri ya mahakama. Ukiitwa mahakamani nenda, hata kama unaona haki ni yako, maana asiyefika huamuliwa bila kusikilizwa. Huna pesa ya wakili, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar hutoa msaada wa kisheria.