Jibu: Majani ya pilipili za kwenye vyungu kugeuka manjano

Ndugu wanajumuiya,

Dada yetu wa London ameuliza aongeze mbolea gani, kwa kuwa majani machanga ya pilipili zake yamegeuka manjano ilhali mishipa yake imebaki ya kijani. Kwa maelezo hayo, namshauri asiongeze mbolea yoyote kwa sasa. Upungufu wa naitrojeni huanzia kwenye majani makuukuu ya chini, kwani mmea huihamisha kutoka huko na kuipeleka kwenye machipukizi; madini ya chuma hayahamishiki kwa urahisi, ndiyo maana ukosefu wake huonekana kwanza juu, kama kwenye pilipili zake.

Wala si kwamba chuma hakimo chunguni. Maji ya bomba ya London yana chokaa nyingi, na kila anayechemsha chai huko anaujua ule ukoko mweupe wa ndani ya birika. Chokaa hiyo hubaki udongoni kila anapomwagilia, na kwa kuwa udongo wa chungu ni kidogo, pH (kipimo cha uchachu: kikipanda, uchachu umepungua) hupanda taratibu kutoka 6 na kitu, inayoifaa pilipili, hadi kupita 7, ambapo chuma hugeuka hali yake na mizizi ikashindwa kukifyonza.

Dawa ya kudumu ni kukinga maji ya mvua. Anayeishi ghorofani pasipo mahali pa pipa achemshe maji, ayaache yapoe na kutulia, kisha amwagilie yale ya juu, kwani sehemu kubwa ya chokaa itakuwa imeganda chini. Kwa mmea uliokwisha kuathirika, anunue chuma cha aina ya EDDHA, si EDTA (ni majina ya viambata vinavyokishika chuma kisigande udongoni), maana hiyo ya pili hupoteza nguvu pH ikizidi 6.5 hivi. Siki hushusha pH kwa muda mfupi tu, na makapi ya kahawa, ambayo yamesifiwa mno humu, huwa yamepoteza sehemu kubwa ya uchachu wake yakishachujwa. Majivu ya kuni, tuliyozoea kuyamwaga bustanini nyumbani, huipandisha pH zaidi.

Walioko Glasgow na Manchester wasiufuate ushauri huu, kwa sababu maji yao, ya ziwa la Loch Katrine na ya maziwa ya Lake District, yana chokaa kidogo sana.

Kabla ya kununua chochote, ni vyema kupima. Changanya kipimo kimoja cha udongo na viwili vya maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya pasi na betri za magari, subiri nusu saa, kisha chovya karatasi ya kupimia pH. Vile vijiti vya bei nafuu vya kuchomeka udongoni kupima pH mimi siviamini. Sukuma wiki huvumilia chokaa kuliko pilipili, kwa hiyo maji ya mvua yakiwa haba, zipe pilipili kwanza.