Okonkwo aliangushwa na mzungu, au na uanaume wake mwenyewe?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Juzi tulibishana hadi kahawa ikapoa kuhusu Things Fall Apart ya Chinua Achebe, ile ya mwaka 1958 ambayo kwa Kiswahili iliitwa Shujaa Okonkwo. Mwenzangu anashikilia kwamba ni kisa cha mwanaume aliyesimama kidete kulinda mila za Waigbo wa Nigeria, kwao Umuofia, wakati wenzake wamenywea mbele ya Mwingereza. Mimi nasema hakulinda mila yoyote. Alikuwa anamkimbia marehemu baba yake.

Baba huyo, Unoka, alikuwa mpiga filimbi, anadaiwa na kila jirani, hana cheo hata kimoja. Okonkwo akiwa bado mdogo, mtoto mwenzake akamwambia baba yako ni agbala. Kwa Kiigbo neno hilo ni mwanamke, na ndilo pia la mwanaume asiye na cheo. Kuanzia hapo kila alichokipenda Unoka, mwanawe akakichukia, upole ukiwemo.

Sasa mila zenyewe zilimwambiaje? Wiki ya Amani, ambayo ugomvi ni mwiko, anampiga mkewe Ojiugo kwa sababu alikwenda kusuka nywele akachelewa kupika. Kuhani wa Ani, mungu wa kike wa ardhi, anafika, anakataa hata tunda la kola ambalo mgeni hukaribishwa nalo, anamtoza mbuzi jike, kuku, kipande cha kitambaa na kauri 100, yaani simbi zilizotumika kama pesa. Halafu Ikemefuna, kijana aliyetolewa na kijiji jirani kama fidia ya mauaji, akakaa kwake miaka 3 na kumwita baba. Mzee Ezeudu, aliyekuwa mpiganaji wa kuogopwa enzi zake, anamfuata nyumbani: mizimu imeamua kijana atauawa, ila wewe usitie mkono. Okonkwo anakwenda. Panga la kwanza linashuka, chungu cha tembo kinavunjika mchangani, mtoto anamkimbilia akimwita baba, na baba ndiye anayemmalizia. Aliogopa kuonekana mnyonge, basi. Usiku ule kitu kikakatika ndani ya mwanawe Nwoye, na wamisionari walipokuja na nyimbo zao walimwokota tu.

Kuna kisa kifupi ambacho watu hukiruka. Ndulue, mzee wa vita, amefariki. Mkewe mkubwa Ozoemena anajikongoja na fimbo hadi mlangoni, anapiga magoti, anamwita jina mara tatu, anarudi kibandani kwake, naye anakutwa amekufa. Watu wanakumbuka kwamba Ndulue hakufanya jambo bila kumwambia mkewe. Okonkwo anashangaa: mbona nilidhani alikuwa mtu wa nguvu! Wanamjibu alikuwa wa nguvu kweli, ndiye aliyewaongoza Umuofia vitani. Anatikisa kichwa, haamini.

Kwa hiyo nauliza: huyu anatetea Umuofia ipi?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeandika vizuri lakini unamlaumu aliyevunjiwa nyumba kwamba komeo lake lilikuwa bovu. Kijiji cha Abame kitabuni je? Wale walimuua mzungu mmoja aliyekuja na "farasi wa chuma", wakaifunga baiskeli yake kwenye mti. Baadaye soko lao likazingirwa, watu wakamiminiwa risasi. Hilo lina uhusiano gani na filimbi ya Unoka? Wala Achebe hakulitoa hewani. Mwaka 1905 daktari mmoja wa Kiingereza, Stewart, aliuawa akiwa na baiskeli yake maeneo ya Ahiara, na jeshi likapelekwa kuwaadhibu watu.

Na wale viongozi 6 wa Umuofia, Okonkwo akiwemo, walioitwa kwa mazungumzo na mkuu wa wilaya? Walikwenda kwa adabu zote. Wakatiwa pingu, wakanyolewa vichwa, wakachapwa. Faini ilikuwa mifuko 200 ya kauri, matarishi wa mahakama wakawatangazia watu 250 ili wao wale juu. Hata Umuofia nzima ingekuwa na hekima ya Ndulue, pingu zilikuwa zile zile.

Mchangiaji wa pili:
Mimi niko kwenye jalada tu. Mwandishi alikipa kitabu jina la mambo kusambaratika. Sisi tukaweka mtu mmoja, tukamtangulizia "shujaa". Msomaji wa Kiswahili anaingia ukurasa wa kwanza ameshaambiwa ashangilie upande upi.

Mchangiaji wa tatu:
Kaka zangu, mnabishana kama vile Waigbo walikuwa wanaume watupu. Mwingereza alifika kwa watu wanaoamua mambo kwa mikutano, akatafuta "chifu", akakosa, akawaandikia hati wanaume aliowataka yeye. Mabaraza ya akina mama hakuyaona kabisa. Mwishoni mwa 1929, kule Oloko, ikavuma kwamba wanawake wanahesabiwa ili walipe kodi. Wakatoka kwa maelfu, wakawazingira machifu hao wa hati majumbani kwao kwa nyimbo za kejeli, adhabu yao ya zamani ya "kumkalia" mwanaume mkorofi. Zaidi ya 50 waliuawa kwa risasi.

Mkoloni na Okonkwo waliugua ugonjwa mmoja. Wote walidhani nguvu inakaa sehemu moja tu. Pale Mbanta, ujombani Okonkwo alikokaa uhamishoni miaka 7 baada ya kuua mtu wa ukoo kwa bahati mbaya, mjomba Uchendu alimuuliza mbele ya watu kwa nini watoto huitwa Nneka, Mama ni Mkuu. Hakuwa na jibu.

Mleta mada:
Dada, hilo la Uchendu umenipiku, nililisahau na ndilo kiini. Mkuu wa kwanza, kwa Abame nanyoosha mikono. Bunduki zingekuja tu. Ila tarishi yule wa mkoloni aliyekuja kuvunja mkutano wa Umuofia mwishoni mwa kitabu akakatwa kichwa, Okonkwo alimkata kabla Umuofia haijaamua lolote, na watu wakawaacha matarishi wengine wakimbie. Alikuwa peke yake, kama siku ya Ikemefuna.

Na kifo chake. Amejinyonga, mila inawakataza ndugu kumgusa, inabidi wageni walipwe wamshushe. Obierika, rafiki yake wa chanda na pete, anamgeukia mkuu wa wilaya kwa hasira: mmemfikisha mtu mkubwa kama huyu kujiua, na sasa atazikwa kama mbwa. Anataka kuongeza neno, sauti inamkwama kooni. Tarishi mmoja anamfokea anyamaze, naye alikuwa ameshanyamaza.