Naomba ushauri: kunasa usubi wa kala-azar Longido

Wakuu, habari zenu. Nipo Arusha, najiandaa na utafiti wa shahada ya uzamili. Nataka kujua kama usubi Phlebotomus martini, anayeeneza kala-azar (ugonjwa wa vimelea unaovimbisha wengu na ini) kule Baringo, Kenya, yupo pia kwenye vichuguu vya Longido, huku kwetu mpakani na Kenya. Nchi ni kavu vilevile na wafugaji wanavuka mpaka. Jambo hili linaninyima usingizi.

Ugumu upo kwa majike: wa martini na wa spishi mbili za karibu nayo, celiae na vansomerenae, hawatofautiani hata kwa darubini, hivyo lazima nipime DNA. Kuwanasa, nafikiria karatasi zilizopakwa mafuta ya mbarika mdomoni mwa kichuguu. Je, mafuta hayaharibu DNA? Au mitego ya taa tu? Na kwa joto lile, niwahifadhi kwenye ethanoli ya asilimia ngapi? Aliyewahi kuifanya kazi hii anielekeze, tafadhali.