MREJESHO: Muuguzi wa ICU niliyeuliza kama nisome masta au nisubiri uinchaji

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza: nina digrii ya uuguzi, nisome masta au nisubiri uinchaji wa wodi, yaani kuwa msimamizi wake? Nimemsikiliza aliyesema omba ruhusa ya masomo kwa maandishi kwanza. Barua ikapita kwa matroni (mkuu wa wauguzi), ikagongwa muhuri, na sasa niko MUHAS (Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili), masta ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi.

Ufadhili nimekosa. Ada natoa mfukoni, na posho za zamu za usiku ndiyo basi tena. Ushauri wa kumwendea mganga mfawidhi (daktari msimamizi wa hospitali) moja kwa moja uligoma. Alinirudisha kwa matroni, tena kwa ukali kidogo. Uinchaji kapewa mwenzangu, anauweza. Mnaotaka kuomba, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iwe hai.