Mtoto haelewi utani wa maneno, nimfundisheje?

mama_pacha
Habarini jamani. Nina kijana wangu yuko la kwanza, juzi bibi yake kamwambia "leo tumeshinda njaa" mtoto akauliza "ngapi kwa ngapi?" Tukacheka hoi, yeye akanuna maana alikuwa anauliza kweli 😂 Sasa anataka na yeye achekeshe watu ila hajui pa kuanzia, mnawafundishaje wa kwenu?

mkunanazi
Anza na vitu anavyovishika. Sie Tanga tukiwa wadogo tulikuwa tunategana, "mbuzi wangu hali majani, anakula nazi", wageni wanahangaika weee mpaka wanatoa mji. Shida siku hizi nazi inapigwa kwenye blenda, mtoto hajawahi kukalia mbuzi hata siku moja, utani ataujulia wapi?

ticha_wa_lapili
Mkuu hapo juu umegusa kitu. Siri iko kwenye ngeli. Ukisema "kaa limeniunguza" mchezo umeisha, "kaa kaniuma" umeisha pia. Inabidi sentensi ifiche, mfano "usishike kaa!" halafu muulize kwa nini, mmoja atakwambia utaungua mwingine atasema atakubana, hapo ndo wanashtuka kwamba wote wako sahihi. Mi huwa nawapa "babu kapanda mwembe" nawaambia chora picha mbili, ya kwanza babu yuko juu ya mti ya pili anafukia mche. Kuna mmoja alichora picha moja tu, babu yuko juu ya mwembe na jembe mkononi, nikampa vema mbili.

wa_likoni
Huku Mombasa nyanya ndio bibi. Mwanangu alienda Dar kwa binamuze, usiku akalia "nataka nyanya", shangazi yake maskini akaamka akamkatia kachumbari 🤣 Angesema "namtaka nyanya" wangemwelewa, kwa hiyo ticha yuko sawa kabisa.

mama_pacha
Nimerudi. Jana niko jikoni nageuza chapati kaja mbio, "mama kaa!" nikajua mtoto kaniona nimechoka, nikavuta stuli nikakaa. Akacheka mpaka akalala chini, eti "nimesema kaa wa baharini!" Chapati imeungua.